Memori za Nyumba Mbili

Mashine ilipiga mlio mrefu, kioo kikabaki cheusi. Kimbaumbau akazima umeme haraka, akafuta jasho kwa kiwiko.

"Inasemaje?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Imekataa, mama."

"Basi ibembeleze. Saa sita binti yangu anaingizwa kupasuliwa moyo, na tangu aondoke sijamtia machoni. Hiki kisimu changu cha kubonyeza kinanipa sauti tu."

Saa ya ukutani ilikuwa inaisogelea hiyo sita bila huruma. Kimbaumbau, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alitamani awe popote pale isipokuwa sebule ile. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, kwa hiyo aliingilia wa jikoni, viatu mkononi kama mgeni mwenye adabu zake, akamkuta mama huyu amesimama. Mama alimpima kuanzia utosini mpaka kwenye soksi. "Fundi, karibu," akasema. "Nilikuwa nakungoja." Kisha akaufunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, ufunguo akautia kifuani, akaburuta kiti na kukaa akiuegemea.

"Fundi wa mwisho aliniachia nyaya nje, eti anafuata kifaa," alieleza. "Leo mtu hatoki mpaka nimwone mwanangu."

Kompyuta yenyewe haikuwa mbovu. Iliwaka, ila simu ya video ikianza tu, picha inaganda, kwa sababu memori yake ilikuwa ndogo. Dawa yake kuongezewa. Bisibisi hakuwa nayo, akapewa kisu cha mezani. Kufungua kompyuta alikuwa hodari, hata gizani angeifungua. Kuifunga ikawaka, huko ndiko hakuwa na mazoea.

Mfukoni alikuwa na vibao viwili vya memori. Cha kwanza kilikataa hata kuingia, pengo lake la chini halikulingana na nafasi ya mashine. Cha pili kiliingia, lakini kila kikikaa jirani na kile cha zamani, mashine inalia.

Akajaribu tena. Ikalia tena. Kila nyundo za gereji ya jirani ziliponyamaza, mkono wake nao ulisimama hewani, akasikiliza, kisha akaendelea.

"Hivyo vidude umevitoa wapi?" mama aliuliza.

"Huku na huku, mama. Ndiyo maana havipatani. Hiki chako ni cha zamani, mwendo wake wa polepole. Changu kipya, kina mbio. Vimetoka nyumba tofauti."

"Wake wenza hao." Mama hakucheka. "Chumba cha kwanza umempa nani?"

"Huyu mpya."

"Unaona sasa. Mtangulize mkubwa. Bi mdogo akitangulizwa, nyumba hailali."

Kimbaumbau alitaka kumwambia kwamba kompyuta si ndoa. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, na wazo halikuwa la kipuuzi kama lilivyosikika. Kile cha polepole kikitangulia, pengine chenye mbio kitakubali kupunguza mwendo. Akavichomoa vyote viwili, akavipuliza vumbi, akabadilisha nafasi. Akabonyeza.

Kimya. Halafu mlio mmoja mfupi, na kioo kikajaa mwanga.

Mama aliacha kiti chake mlangoni. Kimbaumbau akamshikia kipanya, akabofya jina alilomwonyesha. Ikaita. Ikaita. Ukatokea uso mwembamba, kofia ya hospitali imeficha nywele zote.

"Mama?"

"Nipo, mwanangu. Nakuona. Umekonda, lakini nakuona."

Picha haikuganda. Binti alicheka huku analia, mama akakigusa kioo penye shavu lake. Kimbaumbau naye alifurahi, tena furaha ya kweli, na hakukumbuka lini mara ya mwisho kazi ya mikono yake ilimfurahisha mtu. Akaokota viatu vyake taratibu.

"Mama," alinong'ona, "naomba ufunguo niende."

Mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi, mama! Samahani nimechelewa. Ni mimi, fundi wa kompyuta."

Kimbaumbau aliganda, kiatu kimoja mguuni.

Mama hakugeuka, wala macho yake hayakubanduka kwa binti yake. "Rudi tu, baba," aliitikia kwa sauti. "Mwizi ameshaitengeneza."