Jina la Tedesco

"Mzee, fumua hilo jina," meneja alisema, akimtupia fundi cherehani wa timu jezi ya besiboli. "Timu ya Denver wametupa warushaji wawili, nasi tumewapa mdakaji wetu Tedesco."

Ilikuwa Januari, uwanja wote umelala chini ya theluji.

"Na mipira atadaka nani? Wewe na tai yako?"

"Mambo ya kikosi tuachie tuliosoma, mzee wangu."

Fundi akashika wembe. Herufi zile saba alizishona marehemu mkewe, na ya mwisho ilikuwa imelegea. Hawa hawa wakubwa walimuuza mpigaji bora mwaka juzi, kufika Juni wakawa wanamlilia.

Akauweka wembe chini, akatunga uzi kwenye sindano.

"Sasa unafanya nini?"

"Naikaza hii O. Aprili msimu ukianza mtamtaka tena, na mimi nitakuwa na kazi nyingi."