Meno Mapya ya Mama

Nilimwomba Mungu yasilingane, kisha nikayaweka meno ya mama juu ya vidonda viwili vilivyokuwa kwapani mwa mwanangu aliyelala.

Yalilingana. Hata lile chonge la kushoto, lililopinda kidogo, lilikaa mahali pake.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Uzee ulipomaliza meno ya mama, nilimchongea haya kwa mikono yangu, na machonge marefu kama alivyotaka. "Nataka kula kama msichana," alinitania, tukacheka. Tangu hapo mwanangu anaishiwa damu na daktari haoni sababu. Mama humlea nikiwa kazini. Kila jioni tumekuwa tukimwombea pamoja, mama akitoa machozi.

Asubuhi hii alinipa meno niyakaze, kwa kuwa yamelegea. Nilipokuwa nikimwogesha mtoto ndipo nikaviona vidonda.

"Bado tu, mwanangu?" mama aliita kutoka sebuleni, maneno yakimteleza kwenye ufizi mtupu. "Njaa inaniuma!"

"Vumilia kidogo, mama," nilijibu.

Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikawasha mashine ndogo ya kusagia meno niliyo nayo chumbani, nikaanza na chonge la kushoto.