Chumvi ya Ruba

Mambo yaliharibika Jumatatu ya soko, siku mgodi wa shaba ulipofungulia mtoni maji yake ya kuoshea mawe. Baada ya hapo ruba wakatoweka, na watu wakashangilia.

"Mto umetakata," bwana afya aliwaambia akina mama kivukoni. "Hata ruba hakuna. Tekeni tu."

Ngwale alikunja suruali, akaingia hadi magotini, akasimama. Kiganjani alishika chumvi, kama ile aliyokuwa akimbandulia marehemu mkewe ruba kila alipomaliza kufua.

"Shemeji, unangoja kuumwa?" Mama Tatu alicheka, ndoo kichwani.

"Nangoja."

Wakangoja naye. Hakuna kilichomgusa. Akageuza jiwe, kisha jingine: hakuna kaa, hakuna konokono, hata vile vidudu vinavyojivika mchanga havimo.

"Nyie wakubwa ndio mnaojua," alimwambia bwana afya. "Ruba alikuwa hachagui, mzima na mgonjwa wote aliwanyonya. Leo anatukimbia?"

Mama Tatu akateremsha ndoo, bado tupu. Chumvi ilikuwa ikiyeyuka kiganjani mwa Ngwale.

"Kwani," Mama Tatu aliuliza taratibu, "hao ruba wameonja nini humu?"