Ladha Arobaini za Chumvi

Moyo mpya wa mama uligharimu ladha arobaini za chumvi. Hospitali siku hizi hazitaki hela. Unakalishwa kwenye kiti, unavalishwa kofia, na ukitoka hapo huionji tena chumvi hadi unaingia kaburini.

Watu walikuja kama wanakuja harusini. Shangazi Mwajabu alikodi basi zima la wenzake wa kikundi. Mjomba Kibwana alitamba kwenye foleni: "Waichukue tu! Kwa presha hii, daktari alishanikataza chumvi zamani." Tulicheka hadi nesi akatufokea. Tukakubaliana mama asiambiwe.

Jumapili akarudi nyumbani, akatufukuza jikoni, akapika pilau mwenyewe. Vigelegele vilivyopigwa! Tulikula, tukaongeza, mjomba akakomba hadi ukoko.

"Imekolea?" mama akauliza.

"Imekolea!" tukaitikia wote kwa pamoja.

Ndipo naye akaketi, akatia tonge mdomoni. Akatafuna polepole, kisha akaacha.

"Nilisahau kutia chumvi," akasema.

Mama akaweka mkono kifuani, akaanza kutuhesabu.