Saladi ya Suleiman

"Usizitie! Weka chini hizo!"

Hija alishtuka, zukini mkononi. Sufuria ilikuwa imeshabandikwa, nazi imeshakunwa. "Kwetu mumunye tunalipika kwa nazi, dada," alisema.

"Kwenu hakuna Suleiman. Epua."

Rukaiya alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu iliyovimba ameinyoosha juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kusimama kulishamshinda tangu Ramadhani. Madaktari walikuwa wamesema yao, na kesho alikuwa anaingia wodini. Hakuna aliyethubutu kumuuliza atatoka lini. Lakini kilichomnyima usingizi si figo zake, ni sukari ya mumewe. Suleiman ni seremala hodari, ila mbele ya sahani ni mtoto mdogo. Aachwe peke yake, atakunywa chai ya vijiko vinne kwa maandazi mpaka wamkate mguu.

"Zinaliwa mbichi," alimwelekeza. "Kata vyembamba, mpaka uone kisu kupitia kipande. Na onja kila moja kwanza. Ikiwa chungu, tupa."

Hija alikata. Alikuwa mtu mzima, thelathini na kitu, mpole, na alifika pale Mtoni asubuhi hiyo na mabegi mawili, akisindikizwa na kaka yake, Mwishehe. Suleiman alikuwa amemkataa mwezi mzima. "Sitaki mtu mwingine humu ndani," alisema kila Rukaiya alipomtaja, mara kwa hasira, mara kwa machozi. Rukaiya hakumpa nafasi. Katika nyumba ile ilijulikana nani hushinda.

"Tia chumvi kidogo, uziache zitoe maji. Halafu kamua kwa vidole, taratibu, zisivunjike."

Alimvuta karibu, akamfunga kanga kiunoni ili dera lake jipya lisirukiwe na ndimu. Kitunguu, giligilani, ndimu, mafuta kijiko kimoja. Mambo aliyoyafanya miaka yote bila kufikiri, sasa ilibidi ayaseme moja moja, na kila neno lilimuuma, kama mtu anayegawa nguo zake angali hai.

Uani majirani walikuwa wanapakua pilau. Sebuleni wanaume walishaanza dua. Mama Najat wa nyumba ya pili alichungulia jikoni, akamtazama Rukaiya, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaondoka.

"Atakwambia andazi moja haliui mtu," Rukaiya aliendelea. "Mwongo mkubwa. Atakununia. Muache anune."

"Akinifokea je, dada?"

"Atakufokea. Kufoka kwenyewe hajui, atachoka." Rukaiya alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akajiziba mdomo kwa kiganja wageni wasisikie. Hija aliacha bakuli, akapiga magoti, akamkumbatia.

"Dada, mie sitaweza kuwa kama wewe."

"Sijakuomba uwe kama mie. Nimekuomba umlishe."

Hija alimpa bakuli. Rukaiya alionja. Chumvi sawa, ndimu sawa. Alikuwa ametamani iwe mbaya, walau kidogo, apate sababu ya kuitengeneza upya kwa mikono yake. Ilikuwa tamu. Akatafuna polepole, akameza.

"Hii ni ya kwake peke yake," alisema. "Wengine wale pilau."

Mlangoni mtu alikohoa. Alikuwa Mwishehe, ndani ya kanzu, na nyuma yake wazee wawili.

"Hija," alisema, macho chini, "shehe anataka kauli yako mwenyewe, mashahidi wasikie. Umeridhia?"

Hija alimgeukia Rukaiya.

Rukaiya alimshika mkono, akaubana kwa nguvu zote zilizombakia.

"Sema ndiyo, mdogo wangu," alimwambia. "Mume wetu anasubiri."