Kandambili Safi

Mwanahawa aliingia kituo cha polisi miguu peku, paji la uso limepasuka, kuomba fomu ambayo bila hiyo hospitali isingempokea. Afande alikuwa ameshaandika jina lake Mwanahawa aliposikia mlangoni kikohozi anachokijua.

Ni Sefu, mumewe. Shati lake limenyooshwa pasi, na mkononi ameshika kandambili za mkewe. Akainama, akazipanga taratibu mbele ya miguu ya Mwanahawa, ncha zikitazama mlangoni.

"Umetoka bila viatu, mke wangu," alisema kwa upole, sauti ile ile ya jana kabla hajatia komeo. "Vaa twende nyumbani."

Afande akaweka kalamu chini, akatabasamu. "Dada, mume gani siku hizi anamfuata mkewe na viatu? Nendeni mkayamalize."

Mwanahawa akazitazama kandambili, ziling'aa kama mpya.

"Jana zilijaa damu yangu," alisema. "Ameziosha. Andika na hilo, afande."

Kandambili zilikuwa bado zinachuruzika, maji yakitambaa polepole sakafuni, yakielekea vidole vya Mwanahawa.