Jina la Kumi na Saba

Kabla ya kupanda jukwaani kuwahutubia raia juu ya vita, Malkia Mwanakhamisi aliisoma orodha ya waliouawa aliyoandikiwa na waziri wake.

"Mbona mwanangu umemtanguliza?"

"Ni mwanao, Mtukufu. Ndiyo heshima yake."

"Alikufa wa kwanza?"

"La. Wa kumi na saba."

"Basi mrudishe kwa wenzake."

Uwanja ulijaa watu waliosimama. Malkia hakumtaja adui wala hakuahidi ushindi. Alisoma majina kwa mfuatano wa vifo. Kwa desturi ya mji ule, kila aliyesikia jina la mtu wake aliketi chini papo hapo, na jirani zake wakampisha.

"Wake hutamsikia," muuza maji alimnong'oneza mwenzake. "Wana wa wakubwa hawafi, bwana."

"Fumo, mwana wa Mwanakhamisi," malkia alisoma, kwa sauti ileile.

Kisha akatoweka machoni mwa umati. Muuza maji alitua mtungi wake, akasimama kwa ncha za vidole kuchungulia. Jukwaani alikiona kiti cha enzi kitupu, na kutoka sakafuni, mbele ya kiti hicho, sauti ikaendelea na jina la kumi na nane.